Safari ya Kuuchora Ukuta wa Mama Kabula

Kwa mwaka mzima nilikuwa nawadanganya watu wa Bagamoyo. Akija mwenye mgahawa kutaka nimchoree ukuta, nilimwambia rangi zimeniishia. Akija mwingine, nilimwambia nina wageni. Wa tatu nilimwambia macho yananisumbua, naye kwa wema wake akaenda kuninunulia dawa, ikabidi nijitie machoni mbele yake huku nikimshukuru. Ukweli ni kwamba nilianguka kwenye ngazi nikichora samaki juu ya mlango wa duka, kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika, na hogo la plasta lilipokatwa watu walidhani nimepona, kumbe mkono ulirudi ukitetemeka. Kikombe niliweza kukishika. Mstari sikuthubutu hata kuujaribu.

Mimi nilianza kazi hii kwa hina na piko. Miaka mingi niliwapamba maharusi mikono na miguu, kisha nikahamia kwenye kuta za migahawa, kwa sababu ukuta haunung'uniki kwamba umechoka kukaa. Lakini namna ya kuchora ilibaki ile ile, kazi yote vidoleni na kwenye kifundo. Kwa hiyo kifundo kilipokwenda, nilijua nami nimekwenda.

Simu ya Mama Kabula ilinikuta katika hali hiyo. Ni Mnyamwezi wa Tabora mwenye mgahawa mtaa wa Ipuli, na alipokuja Bagamoyo harusini aliwahi kula mahali fulani akaona pweza niliyemchora ukutani. Sasa alitaka ukuta wake uchorwe vyakula vya njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka kwetu Bagamoyo ikapita Tabora na kwenda hadi Ujiji. Hakuomba. Alisema, "Mzaramo, babu zangu walibeba mizigo mpaka mlangoni kwenu wakaota vipara. Njoo nawe utoke jasho kidogo." Nikacheka, nikamwambia nitakuja. Simu ilipokatika ndipo nikaketi chini. Nadhani nilikubali kwa sababu Tabora ni mbali. Nikishindwa, nitashindwa mbele ya watu ambao sitakutana nao sokoni.

Kwa wasiojua, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, tangu siku zile wapagazi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani na kupiga kambi kwetu. Mtani anakutukana mchana kweupe, anakunyang'anya kilemba, na msibani kwako ndiye anayeigiza mwendo wa marehemu mpaka wafiwa wanacheka na machozi yao. Nawe hukasiriki, unajibu. Mama yangu alinifundisha na jambo la pili: mtani akianza kukusemesha kwa adabu, ujue umeharibikiwa.

Jumatatu jioni, Dar es Salaam. Binti yangu Rukia alinishauri nipande treni mpya ya umeme hadi Dodoma, kisha basi. Nilikataa. Nilimwambia nataka reli ya zamani, ile inayosimama kwenye stesheni ndogo, maana nimeitiwa kuchora chakula cha njiani, na chakula cha njiani hakinunuliwi kwenye treni inayokimbia. Hiyo ndiyo sababu niliyompa. Nyingine ni kwamba sikuwa na haraka yoyote ya kufika.

Jumanne asubuhi, Dodoma. Baridi ya mwezi wa sita ikanishika. Sisi watu wa pwani baridi tunaisikia kwenye taarifa ya habari tu. Mkono uliamka mgumu, nikauficha ndani ya kanga na kuchungulia dirishani. Adhuhuri tulifika Saranda, nikanunua kuku wa kukaanga kwa mkono wa kushoto, nikamla mpaka mifupa. Alikuwa mgumu na mtamu, kuku aliyetembea sana maishani mwake.

Alasiri, Goweko. Hapo ndipo nilipojua nimeingia Unyamwezi. Tulikuwa tumepita misitu ya miombo saa nzima, kisha yakaanza mashamba, na kando yake mabani ya kukaushia tumbaku, vibanda virefu vya matofali visivyo na madirisha. Mwanamke mmoja alisimama chini ya dirisha langu na ungo wenye chupa za asali na vipande vya kitu cha rangi ya udongo, vigumu, nikadhani ni sabuni ya mche iliyokatwakatwa. Nikamuuliza anauza sabuni ya aina gani. Alinitazama kwa huruma akasema ni matobolwa: viazi vitamu vilivyochemshwa, vikamenywa, vikakatwa na kuanikwa juani mpaka vikakauka. Waliokwenda pwani kwa miguu walikuwa wakitembea navyo. Kisha akaniuliza kama meno yangu ni mazima.

Nilitafuna kipande kimoja kutoka Goweko hadi karibu na Tabora. Mwanzo ni kama kutafuna ubao. Ukivumilia kinalainika kidogo kidogo, na utamu unatoka taratibu, utamu wa kiazi pamoja na harufu ya jua. Kilipokwisha nikatia kingine mdomoni. Nikajiambia kwamba, mkono ukitaka usitake, hiki nitakichora.

Magharibi, Tabora. Mama Kabula alikuwa stesheni, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita kuku wa kijiji kizima. Pamoja naye alikuwa mama mkwe wake, Bibi Nyanzala, mdogo wa umbo, fimbo mkononi. Nilimwamkia bibi shikamoo, akaitikia marahaba, akanikagua toka juu mpaka chini, akamwambia mkwewe kwamba aliagiza mchoraji, mbona reli imeleta gunia la nazi. Nikamjibu kwamba ni kweli, na nimekuja kutafuta Mnyamwezi wa kulibeba. Tulicheka mpaka watu wakageuka. Usiku huo walinilisha ugali wa mtama na nsansa, majani makavu ya kunde yaliyopikwa kwa karanga, nikalala nimeshiba, na kwa mara ya kwanza tangu niondoke sikuuwazia mkono.

Jumatano, saa mbili asubuhi, Ipuli. Ukuta ulikuwa mzuri kuliko nilivyostahili: mrefu, umepakwa chokaa, kando kabisa ya njia, kila anayekwenda dukani au kanisani lazima aupite. Mama Kabula alinipa sharti moja, nisichore chakula ambacho sijakila. Hakutaka Mzaramo amchoree mlenda unaofanana na mchicha wa nazi. Nikakubali. Matobolwa nimekwisha kula, ugali nimekula, nsansa nimekula. Nikapanda juu ya kigoda, nikachovya brashi, nikaanza na kitu rahisi, mdomo wa chungu.

Mstari ulitoka na mawimbi. Nikaufuta, nikachora tena, ukatoka mbaya zaidi, maana sasa nilikuwa naogopa. Mara ya tatu rangi ilidondoka mpaka chini. Nilipogeuka, Mama Kabula alikuwa amesimama nyuma yangu na bakuli la uji. Sijui alikuwa pale tangu lini.

Nilingoja anitukane. Nilikuwa na jibu tayari, kwamba chungu cha Kinyamwezi lazima kipinde kwa sababu mfinyanzi alikuwa na njaa. Yeye aliniwekea uji, akasema polepole, "Pumzika, mama yangu. Kazi haikimbii."

Jamani, nikakumbuka maneno ya mama yangu. Mchana ule Bibi Nyanzala naye alinipisha kwenye mkeka, akaniuliza kama nimelala salama, akanisogezea kipande kizuri cha nyama. Hakuna aliyesema neno kuhusu nazi. Nyumba nzima ilikuwa na adabu, nami nilikula kama mtu aliyekuja kuhani msiba.

Alasiri sikuweza kukaa, nikaenda mjini kutazama milango. Tabora ina milango ya nakshi kama ya kwetu, mingine kwenye nyumba kuukuu za wafanyabiashara wa zamani, mingine imehamishiwa kwenye nyumba mpya. Nilimkuta seremala mmoja, Fundi Shabani, mzaliwa wa mji, akikarabati mlango mmoja barazani, akanikaribisha kahawa. Nakshi ilitoka pwani, aliniambia, lakini mbao ni mninga wa misitu ya hapa, na mikono mingi iliyochonga ilikuwa ya hapa pia, ndivyo baba yake alivyomsimulia. Nilipitisha kidole kwenye ua lililochongwa na kuona lilivyonyooka. Nikamuuliza, kana kwamba ni swali la njiani tu, fundi akikosea hufanyaje. Akasema mti hausamehe, kosa litakaa hapo mpaka mlango uoze. Nilimshukuru kwa kahawa nikarudi Ipuli nikiwa hoi kuliko nilivyoondoka.

Alhamisi asubuhi, njia ya Ulyankulu. Mama Kabula aliniambia kuna gari linakwenda kuchukua maharage yake huko, nami bado sijala maharage ya Ulyankulu, basi niende, nilale siku moja, nirudi. Alilisema kwa upole ule ule wa kunitisha. Nilielewa vingine. Nilielewa kwamba ananiondoa nyumbani ili amtafute mchoraji mwingine bila kuniaibisha. Nikapanda gari. Njia nzima nilikaa kati ya magunia matupu nikijipangia uongo wa kwenda kumwambia Rukia.

Mchana, Ulyankulu. Mwenyeji wangu alikuwa Mama Esperansia, anayemuuzia Mama Kabula maharage. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili, yeye akazaliwa hapa hapa, na ni Mtanzania wa kulima mpaka jua linakuchwa. Alinipa ugali wa muhogo, kisamvu anachokiita isombe, na maharage yaliyopikwa kwa mafuta ya mawese mpaka mchuzi ukawa wa rangi ya chungwa. Nilikula nikasahau msiba wangu. Nikaomba tena. Akafurahi, akaniongezea mpaka nikaona haya.

Baada ya kula alirudi kwenye kazi yake niliyomkuta nayo. Kila kiangazi hupaka upya ukuta wa nyumba yake kwa udongo, na udongo ukiwa bado mbichi huuchora kwa vidole na kiganja: pinde, nyuzi za msuko, duara ndani ya duara. Mama yake alikuwa akifanya hivyo. Mistari yake ilikuwa mirefu, inakwenda kutoka kona hadi mlangoni bila kukatika. Alinitengea kipande cha ukuta nijaribu. Nilikataa. Akanishika mkono kuniweka pale, na hapo akausikia.

"Unatetemeka," alisema. Yeye si mtani wangu, hakuwa na sababu ya kuzunguka.

Nikamweleza. Alikuwa mtu wa kwanza kumwambia yote, ngazi, samaki, dawa ya macho na Mama Kabula. Alisikiliza huku akikanda udongo. Kisha akaniambia ninyooshe mkono mbele. Nikaunyoosha, vidole vikacheza.

"Kifundo ndicho kinachotetemeka," alisema. "Bega lako linatetemeka?"

Nikalitazama bega langu kana kwamba nimeletewa leo. Halikuwa likitetemeka.

"Basi kaza kifundo, uchore kwa bega. Ukuta si kiganja cha bi harusi."

Sikulala kwa raha, ila si kwa huzuni. Tangu alasiri mpaka giza lilipoingia nilichora duara kwenye udongo wake, nikafuta, nikachora. Kifundo nimekifunga kwa kitambaa ili kisijitie kujua, na mkono mzima unatembea kutoka begani. Duara za kwanza zilikuwa mayai. Za mwisho zilikuwa duara. Si maua membamba ya hina, na nilijua hayo sitayapata tena, yaliniuma. Lakini mstari ulisimama. Miaka thelathini naishi kwa kuchora, na sikuwahi kujua kwamba ninalo bega.

Ijumaa alasiri, Ipuli tena. Sikuteremsha hata mkoba. Nilimkuta Mama Kabula jikoni akichambua karanga, nikamwambia nilivunjika mkono, sikumwambia kwa sababu niliogopa hataniita, na kwamba namna ya zamani siiwezi ila nimepata nyingine.

Aliendelea kuchambua. "Niliona siku ile ile," alisema. "Nikasema nikimtania huyu leo, atalia mbele ya wateja. Nikashindwa hata pa kuanzia." Kisha akaniambia na lililobaki, bila kulipaka asali. Alikuwa amekwisha kuzungumza na mchoraji wa mjini, anakuja Jumatatu. Kisha akalegea kidogo. "Una Jumamosi na Jumapili. Jumapili jioni nikiona ukuta umesimama, nampigia simu asije."

Ilikuwa haki yake. Nilimshukuru kwa kunitazama usoni.

Jumamosi, saa saba mchana. Asubuhi sikugusa brashi. Nilikwisha kujua baridi ya Tabora inavyoukaza mkono, nikaiachia asubuhi yake, nikakaa na Bibi Nyanzala tukila michembe, ndugu wa matobolwa, viazi vilivyokaushwa vibichi na kisha kuchemshwa na karanga. Jua lilipokolea nikafunga kifundo, nikasimama mbali na ukuta kuliko nilivyozoea, nikachora mdomo wa chungu kwa mkono mzima. Ulikuja. Nikachora tumbo lake. Likaja. Nilifuta mara mbili tu siku nzima. Baada ya chungu nikatia ungo wa matobolwa, mzinga wa asali kwenye tawi la mninga, maharage ya Ulyankulu na mafuta yake ya rangi ya chungwa.

Jumapili, wenye nyumba walikwenda ibadani Moravian, nami nilingoja jua. Nikamalizia na wapagazi, watu saba kwa mstari mmoja mrefu kutoka kona hadi mlangoni, mizigo mabegani, vichwa juu, maana Bibi Nyanzala alinisimulia kwamba aliyekwenda pwani na kurudi ndiye aliyehesabiwa mwanamume. Mstari wa ardhi waliyoikanyaga niliuvuta kwa pumzi moja. Mgongo uliniuma, bega liliwaka moto, nami nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu siku ya ngazi. Hata kama angekuja wa Jumatatu, hiyo asingeichukua.

Saa kumi na moja jioni walikuja kutazama. Mama Kabula alisimama katikati ya njia, mikono kiunoni. Waumini waliokuwa wakipita nao wakasimama. Alitembea toka mwanzo hadi mwisho wa ukuta, akarudi. Mimi nilikuwa naosha brashi kwenye kopo, nikiomba kwa Mungu nisisikie neno "mama yangu".

Bibi Nyanzala ndiye aliyeanza. Alimnyooshea fimbo mpagazi wa mwisho. "Huyu wa nyuma mbona mnene hivi? Huyu si wa kwetu. Huyu ni Mzaramo, amebebwa nusu ya safari."

Mama Kabula akainama kukitazama chungu. "Na hiki chungu, tumbo lake nalijua. Nililiona stesheni linashuka kwenye treni."

Watu wakaangua kicheko. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa mgahawa nikalia kwa sauti, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, rangi mpaka kwenye nyusi, na Mama Kabula akaja kukaa kando yangu akaniambia nisimwagie machozi ukuta wake, rangi bado mbichi. Kisha akatoa simu, akampigia yule mchoraji wa mjini.

Jumanne, stesheni ya Tabora. Nilipokuwa napanda, Mama Kabula alinivua mtandio kichwani, mtandio mzuri wa harusi, akajifunga yeye, akasema huo ni ushuru wa babu zake. Sikuudai, ndio utani. Nilirudi na nywele wazi na mfuko wa matobolwa wa kutosha mtaa mzima. Treni ilichelewa njiani, watu wakalalamika, mimi nilikuwa nimelala.

Wenzangu wananiuliza nimejifunza nini huko. Nawaambia nimejifunza kula viazi vikavu kwa subira, na kwamba maharage bila mawese ni nusu ya maharage. Hilo ni kweli, lakini si lote. Kwa mwaka mzima niliubeba mkono huu peke yangu kama mzigo wa wizi, na kumbe ulikuwa unabebeka, ila nilipaswa kwanza kuutua watu wauone.

Wiki iliyopita alinijia mwalimu mkuu wa shule ya chekechea hapa mtaani, ana ukuta mpya. Rangi zilikuwepo, wageni sikuwa nao. Nikamwambia mkono wangu wa kulia ulivunjika, asubuhi unatetemeka, sichori kabla ya saa saba mchana, na maua madogo madogo siyawezi tena. Nikangoja aage.

Akauliza, "Tembo je?"

"Tembo namweza," nilimwambia.